Jirani anayekunywa maji baada yako: niliyoongea na vijana pale Moshi

Bwana Yesu asifiwe! Amina. Haya, naona wa huku nyuma mmeshiba pilau mmeanza kusinzia, na kamati nayo imenipa muda mbaya kuliko wote, saa nane mchana baada ya chakula, alafu kwenye ratiba wameandika "Mkristo na Mazingira", mtu akisoma tu anajua tutaambiwa tupande miti kisha tufunge kwa sala. Leo sisemi habari ya kupanda miti. Miti mmepanda. Dayosisi yetu hii ya Kaskazini ya Kanisa la Kilutheri imelishika hilo jambo miaka mingi, Baba Askofu Shoo mpaka nje ya nchi wamemuita askofu wa miti, na wengi wenu hapa mlipanda mkiwa madarasa ya kipaimara. Nawauliza swali moja tu, ule mti wako uko wapi leo? Usinijibu, jibu moyoni.

Mimi si mchungaji jamani, ni mzee wa kanisa tu, na kazi yangu miaka yote ilikuwa ubwana shamba, nimezunguka sana huku migombani na kule tambarare, kwa hiyo kwenye Maandiko nikiteleza mchungaji wetu yuko pale mbele ataninyoosha, kwenye maji na udongo sitegemei kunyooshwa.

Nilichokuja kusema ni hiki, mazingira siyo somo jipya ambalo kanisa limeletewa na wafadhili. Ni ile amri mnayoijua tangu Sunday school, umpende jirani yako kama nafsi yako, isipokuwa sisi tunaokaa mlimani tunadhani jirani ni yule wa upande wa pili wa masale, yale majani tunayopanda mpakani. Hapana bana. Kwenye mlima, jirani wako wa kwanza ni aliye chini yako, anayekunywa maji baada yako.

Hebu tuyafuate hayo maji. Yanatoka msituni, yanapita kwenye vihamba vyetu, yaani mashamba yetu ya nyumbani, yanashuka Moshi mjini, yanaenda Kahe na Arusha Chini kwenye mpunga na miwa, mto Karanga unaingia Weruweru, Weruweru na Kikafu zinaingia Kikuletwa, huko zinakutana na maji yanayotoka Meru kwa wenzetu wa Arusha, yote yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Pale kuna wavuvi. Ukitoka hapo ni mto Pangani, unakwenda kuzungusha mitambo ya umeme Hale na New Pangani, unaishia baharini Tanga huko. Sasa we fikiria umesimama kwenye daraja la kamto kako huko Kibosho au Old Moshi, umefungua dirisha la gari umetupa kopo la soda. Umewatupia watu wangapi hapo?

Na Biblia imelisema hili waziwazi ila sijawahi kusikia linahubiriwa. Ezekieli 34. Hii sura tunaipenda sana mwanzoni kwa sababu inawasema wachungaji wanaojilisha wenyewe, hapo waumini tunaitika amina kwa nguvu kweli (mchungaji nisamehe). Lakini endelea kusoma mpaka mstari wa 17, Mungu anawaacha wachungaji anawageukia kondoo wenyewe, anawauliza, hivi mmeona ni jambo dogo, mmekula majani mazuri alafu yaliyobaki mnayakanyaga kwa miguu, mmekunywa maji safi alafu yaliyobaki mnayavuruga, na kondoo zangu wengine ndo wanywe hayo mliyoyavuruga? Hawa kondoo hawajaiba kitu, wamekunywa maji ambayo ni haki yao kunywa. Kosa lao ni walivyoyaacha walipotoka pale mtoni.

Mimi nikisoma pale naona mfongo kabisa. Wale mliozaliwa mjini, mfongo ni mfereji wa asili wa Wachaga, umechimbwa kwa mkono tangu enzi za mababu kabla hata ya Mjerumani, unachukua maji ya mto huko juu korongoni unayatembeza kwa ubavu wa mlima mpaka kwenye migomba na kahawa, bila pampu, bila injinia, na yanafika. Nenda leo kwenye mfongo wowote ambao bado unatiririka, simama kwenye ile kona ambayo maji yanapunguza kasi, angalia kilichojikusanya pale. Kuna makopo ya maji, kuna vile vifuko vyepesi vya kung'aa vilivyochukua nafasi ya rambo, ile mifuko ya plastiki, maana rambo serikali ilizipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019 na kusema kweli zilipungua, lakini hivi vingine vikaingia kwa mlango wa nyuma. Kuna pampasi, na pampasi ikishakunywa maji inavimba inakuwa kama mto wa kulalia, inaziba mfereji kabisa, maji yanapanda juu yanamwagika barabarani, na kule chini mama mmoja ameweka ndoo tangu asubuhi anasubiri zamu yake.

Zamani ilikuwaje? Wazee watanisaidia. Mfongo ulikuwa na ukoo wake na wazee wake, maji yalikuwa kwa zamu, na ikitangazwa siku ya kusafisha mfongo unatoka na jembe lako, usipotoka unatozwa faini, pombe au mbuzi kulingana na eneo na ukubwa wa ukaidi wako. Na watu walilipa! Hakukuwa na sheria imeandikwa mahali. Siku hizi tuna sheria nzuri tu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, ila tuseme ukweli, kuna mtu hapa ukipima mita 60 toka mtoni unakuta kihamba chake chote kimeisha na nyumba na kaburi la babu yake humohumo. Ndo maana watu wanaisikia wanacheka wanaendelea kulima mpaka ukingoni. Ushauri wangu kama bwana shamba, ukingo ule usiutie jembe, acha kulima pale mahindi na maharage yanayoacha udongo wazi, weka majani ya ng'ombe, weka gwatemala au matete, ng'ombe wako wa zizini atakula, udongo utakaa, na kwenye chemchemi acha mkuyu na miti ya asili ikae. Usiweke mkaratusi pale! Najua unakua haraka na mbao ina hela, lakini ule mti unakunywa maji sana, upande mahali pengine mbali na chemchemi.

Niseme na theluji kidogo, kwa sababu kila mgeni akija ndo anaulizia. Barafu ya Kilimanjaro ukilinganisha ramani ya mwaka 1912 na vipimo vya 2007 eneo lake limepungua asilimia 85, na UNESCO mwaka 2022 walisema ifikapo 2050 itakuwa imekwisha. Inauma. Rebmann, yule mmisionari Mjerumani, alipoiona mwaka 1848 akaandika kwao, wasomi wa Ulaya walimbishia wakasema theluji haiwezi kuwepo ikweta, sasa tunaelekea wajukuu zetu ndo wabishe. Lakini msidanganyike kwamba maji yetu yanatoka kwenye theluji. Sehemu kubwa sana ya maji yetu ni mvua na ukungu unaonaswa na msitu, ule ukanda wa kijani mnaouona ukiwa Moshi asubuhi kabla mawingu hayajafunika. Huko msituni upande huu wa kusini mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, wakati kule Arusha Chini ni kama 500 tu. Kwa hiyo theluji kuyeyuka sehemu yake kubwa wewe na mimi hatuwezi kuizuia tukiwa hapa ukumbini, hiyo ni dunia nzima na viwanda vya watu. Msitu je? Moto wa Oktoba 2020 uliounguza maeneo makubwa kule juu haukuwashwa na kiwanda cha Ulaya. Msitu ndo uko mikononi mwetu, na ndani yake kuna mti mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika, mkukusu wa mita 81.5, watafiti wameutangaza mwaka 2016. Uko kwenye korongo moja la mlima wetu na vijana wa Kilimanjaro hamuujui, mnajua urefu wa jengo la Dubai.

Sasa nije kwa wale wa hoja. Kila nikiongea haya kuna kijana ananyoosha mkono anasema mzee, Mungu alisema mwenyewe Mwanzo 1:28 tuitiishe nchi na kutawala. Ni kweli alisema. Na kuna mwanahistoria wa Marekani, Lynn White, mwaka 1967 aliandika kwenye jarida la Science akautupia lawama Ukristo wa Magharibi, kwamba ndo umefundisha watu kuitumia dunia watakavyo. Walokole wakakasirika sana. Mimi sikasiriki, naona alikuwa na hoja juu ya tulivyoishi, ila alichokosa ni kufunua ukurasa wa pili. Mwanzo 2:15, BWANA Mungu akamweka mtu katika bustani ya Edeni ailime na kuitunza. Ailime NA kuitunza. Sisi tumesimama kwenye ailime. Na shamba lenyewe si letu, Zaburi ya 24 inasema nchi na vyote viijazavyo ni mali ya BWANA, kwa hiyo hati ya kiwanja uliyonayo kabatini ni ya kuonyeshana sisi kwa sisi tu.

Mwingine atasema dunia hii itachomwa moto, 2 Petro 3, ya nini kuhangaika na kitu kitakachoungua? Hii nayo naisikia sana kwenye mikutano ya injili, alafu mkutano ukiisha uwanja umejaa makopo. Sasa soma sura hiyohiyo kwa utulivu. Petro kabla hajataja moto ametaja gharika, anasema dunia ya wakati ule ilighariki kwa maji ikaangamia. Iliangamia, lakini Nuhu aliposhuka alishukia wapi? Juu ya nchi hiihii. Na kabla ya gharika Mungu hakumwambia Nuhu okoa roho yako na familia basi, alimwambia apakie na wanyama, wenye kwato, wenye manyoya, watambaao, kazi ngumu kweli na harufu juu. Mungu anayekwenda kuiangamiza dunia hakuona wanyama ni mzigo wa bure. Na Ufunuo 11:18, andika hiyo wewe uliyenyoosha mkono, inasema wakati umekuja wa kuwaharibu hao waiharibuo nchi. Hapo sina la kuongeza.

Walutheri wenzangu, yale maneno ya Luther mnayoweka status, kwamba hata ningejua dunia inaisha kesho leo ningepanda mti wa tufaha, ni maneno mazuri ila kwenye maandishi yake hayajaonekana popote, yanaanza kuonekana Ujerumani mwaka 1944, Luther amelala kaburini karibu miaka mia nne. Mkitaka Luther wa kweli chukueni Katekisimu Ndogo ya 1529 mliyoikariri wenyewe. Pale kwenye Baba Yetu anauliza mkate wa kila siku ni nini, mnakumbuka jibu? Siyo mkate tu. Anataja chakula na kinywaji, nguo na viatu, nyumba na shamba, mifugo, serikali njema, na ndani ya orodha hiyohiyo kaweka hali ya hewa njema, na mwishoni kaweka majirani waaminifu. Hali ya hewa na jirani kwenye ombi moja! Kila Jumapili mnaomba mvua na jirani mwema kwa pumzi moja, alafu Jumatatu mnakwenda kumzibia jirani maji. Na Wakatoliki tuliowaalika leo, karibuni sana, nanyi mna barua ya Papa Francis ya mwaka 2015, Laudato Si', naye humo kaunganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini. Wote tuna karatasi za kutosha.

Walutheri wa dunia nzima walikutana Windhoek kule Namibia mwaka 2017, mojawapo ya maneno makuu ya mkutano ikawa uumbaji hauuzwi. Sawa kabisa. Ila hapa kwetu naona uumbaji hatuuuzi, tunautupa bure.

Tuangalie nyumbani kwetu basi, kanisani. Jumapili ya mavuno, watu wameleta ndizi mikungu, kuku, mayai, maparachichi, ibada imeisha tumetoka nje kwenye mnada, mwinjilisti ameshika jogoo juu anapiga kelele elfu ishirini, elfu ishirini na mbili nani anaongeza, raha tupu. Pembeni akina mama wanagawa maji, katoni kwa katoni, kila mtu na kakopo kake, anakunywa nusu, anakaweka chini ya kiti. Saa nane mmeondoka wote, mnamwachia mlinzi. Mlinzi anafanyaje? Anakusanya anachoma nyuma ya ofisi, ule moshi mweusi unapanda unapita juu ya msalaba, watoto wa jirani wanakohoa. Hii siyo ya usharika mmoja jamani, wala sitaji usharika wa mtu, tazameni nyuma ya kanisa lenu mkirudi.

Mbona Yesu alilishughulikia hili? Yohana 6. Watu elfu tano wamekula wameshiba, muujiza umekwisha, sisi hapo ndo tungeimba tukapiga picha tukaondoka. Yeye anawaambia wanafunzi kusanyeni vipande vilivyobaki, kisipotee kitu chochote. Wakajaza vikapu kumi na viwili. Mtu anayeweza kutoa mikate kwenye hewa anahangaika na makombo! Na hakuwatuma watoto wala mlinzi, aliwatuma mitume, yaani kwa lugha ya leo baraza la wazee ndo liliinama kuokota.

Kwa hiyo wazee wenzangu, maombi yangu kwenu ni ya bajeti zaidi kuliko ya rohoni. Nunueni vikombe vya kudumu mia mbili na mapipa mawili ya maji yenye bomba. Basi. Mkishanunua mara moja hesabu ya katoni mtakayoacha kununua italipa ndani ya muda mfupi tu, mhasibu wa usharika apige mwenyewe. Makopo yatakayobaki msichome, kuna vijana wanaokota makopo mjini wanauza kwa kilo, waiteni. Na shule zetu na vituo vyetu vinavyopikia kuni, serikali imeweka mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia ifikapo 2034. Sisi tunahubiri asubuhi uumbaji ni wa Bwana, na saa nne lori la magogo linaingia getini kwetu, mpishi wetu analia machozi kwa moshi. Majiko ya gesi ni ghali kuanzia, ndio. Lakini kanisa likitaka kununua vyombo vya kwaya hela inapatikana, tena harambee moja tu. Spika nne!

Na Desemba msinisahau. Desemba Wachaga wote wa Dar wanarudi, magari yamejaa mpaka Himo, ubarikio, harusi, kipaimara, ng'ombe anaanguka kila nyumba, tunafurahi. Tarehe mbili Januari wameondoka wameacha sahani za plastiki mpaka ndani ya mto. Vijana wa kijijini wanaogopa kuwasema ndugu zao kwa sababu wamekuja na hela. Semeni. Mwambie shemeji karibu sana, mfuko wa taka ule pale, ukiondoka na Prado lako una nafasi ya kuushusha mjini. Atacheka, atachukua.

Baada ya hapo waliniruhusu maswali mawili. La kwanza lilikuwa refu na la kisiasa kidogo, habari ya mpaka wa hifadhi na watu waliozoea kukata kuni kwenye ile nusu maili, yaani ukanda wa msitu unaopakana na vijiji, nikasema hilo linataka siku yake na mtu wa hifadhi awepo ajibu mwenyewe, maana mimi nikijibu nitaongea upande mmoja.

La pili aliuliza mama mmoja kijana, amembeba mtoto mgongoni, akasema mzee umetusema sana sisi na pampasi, sasa tuzipeleke wapi, gari la taka kwetu halifiki, choo zinaziba, moto haziungui. Ukumbi ukacheka lakini ndo swali la maana kuliko yote ya siku ile. Nikamwambia mama, Biblia imelijibu hilo kabla pampasi hazijabuniwa, Kumbukumbu la Torati 23, Waisraeli wakiwa vitani kila askari anaambiwa kwenye silaha zake awe na kitu cha kuchimbia, akienda haja nje ya kambi achimbe kisha afukie, kwa sababu BWANA Mungu wako yuatembea katikati ya kambi yako. Mungu na choo mahali pamoja, wala hakuona aibu. Kwa hiyo chimba shimo refu, mbali na mfongo na mbali na kisima, upande wa chini siyo wa juu, kinyesi mwaga kwanza chooni alafu pampasi itupe shimoni funika kwa udongo. Mchana ukiwa nyumbani tumia nepi za kitambaa, pampasi iwe ya usiku na ya safari, utaokoa na hela. Lakini nikasema pia hili lisiwe mzigo wake peke yake, baba mtoto ndo achimbe hilo shimo. Hapo akina mama walipiga vigelegele mpaka mwenyekiti akashindwa kufunga kikao.